Mlima Uliongoja Barua

Mjomba wangu alikuwa mchoma makaa, na mimi nilisomea mazingira kwa makaa yake. Nayaandika yote mawili pamoja kwa sababu nyumbani kwetu hayakuwahi kutengana. Baba alipotuacha, mama alirudi kwao na sisi mabinti wawili, na kaka yake akatupokea bila kuuliza tutakaa muda gani. Hakuwa na shamba la maana. Alikuwa na panga, msumeno, na mlima.

Ukoo wetu umetapakaa pande zote mbili za mto Athi, wengine Kitui, wengine Makueni. Sitasema mlima huo uko upande gani, wala ofisi niliyokuja kuajiriwa ilikuwa upande gani. Waliohusika wengi bado wako kazini, na nikiwataja itaonekana nawatwika mzigo ambao sehemu yake kubwa ni yangu.

Nilipewa jina la nyanya, mama yake mjomba, kama ilivyo desturi yetu Wakamba. Kwa hivyo tangu nikiwa mchanga mjomba aliniita mwaitu, yaani mama. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na bado alisimama kuniamkia mimi mtoto wa miaka sita kila asubuhi. Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Nikilia, alisema, "Nani amemliza mama yangu?" na ilikuwa lazima jibu lipatikane.

Kazi yake aliijua vizuri lakini hakuipenda. Alipanga magogo chini, akayafunika nyasi, juu ya nyasi akamwaga udongo, akawasha, kisha akakaa siku tatu akiuchungulia moshi. Ukiwa mweupe aliungoja. Ukianza kuwa wa samawati, dalili kwamba makaa yanaiva, aliziba matundu. Magunia yalishushwa hadi barabara ya Mombasa, ambako madereva wa malori waliyachukua. Kila aliporudi alikuwa anakohoa, na kila mwaka alilazimika kupanda juu zaidi kutafuta mti. Nilipoanza sekondari, chemchemi ya chini ya mlima ilikuwa imebaki tope la kunywesha punda. Nilipoimaliza, hata tope halikuwepo.

Sikumlaumu. Ningemlaumu vipi, na viatu nilivyovaa vilitoka huko?

Baada ya chuo nilipata kazi kwenye idara ya mazingira. Wakati huo wakubwa walikuwa wameanza kusema lugha mpya. Serikali haina pesa za kurudisha misitu yote iliyokatwa, walisema, na haitakuwa nazo. Wenye pesa ni makampuni. Kazi ya serikali ni kuwaita, kuwahakikishia kwamba mali yao iko salama, na kuhakikisha mwananchi hadhulumiwi. Nilikubaliana na maneno hayo. Mpaka leo nakubaliana nayo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kukaandaliwa mkutano wa wawekezaji kwenye hoteli moja nzuri. Mkubwa wangu aliniagiza nitafute picha ya mlima uliochakaa, ya kuonyesha ukutani kwa projekta. Nikapeleka picha ya mlima wetu. Upande wa kushoto wa picha kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi. Watu waliokaa mbele waliutazama, wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Ukumbi mzima, ni mimi tu niliyejua ni tanuri la nani.

Kampuni moja ilivutiwa. Mwakilishi wake alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Nairobi, mpole, mwenye daftari lililojaa maswali. Alieleza kwamba wangepanda miti ya kienyeji mlimani na kuitunza kwa miaka thelathini. Makampuni ya mbali yanayochafua hewa yangelipia ile kaboni ambayo miti imeinyonya, na fungu la malipo hayo lingerudi kwa wanakijiji. Alichotaka kutoka serikalini kilikuwa kimoja: barua. Mlima haukuwa wa mtu binafsi. Ulikuwa mali ya jamii, serikali ikiushika kwa niaba yao, na hakuna mwenye kampuni ambaye angeleta pesa mahali ambapo hajui kesho atafukuzwa na nani.

Mimi na mkubwa wangu tukaenda naye kijijini, kwenye baraza la chifu, uwanja wa shule ya msingi. Yeye alizungumza Kiingereza na Kiswahili cha Nairobi. Wazee na akina mama wengi waliokaa pale walikuwa na Kikamba tu. Kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa wote. Yaliyosemwa juu nikayashusha, yaliyosemwa chini nikayapandisha.

Mjomba aliketi nyuma na wachoma makaa wenzake. Halafu akasimama, akavua kofia.

"Nina swali moja," alisema. "Nikizima tanuri langu leo, kazi ya miti inaanza lini?"

Nikatafsiri. Yule mama wa kampuni akajibu kwamba wao wako tayari. Barua ikitoka, watapanda kwenye mvua zinazofuata. Mkubwa wangu akadakia, akisimama ili aonekane.

"Barua ni jambo dogo. Wiki mbili hivi, ikichelewa sana mwezi."

Mjomba hakumtazama mkubwa wangu. Alinitazama mimi. Nilijua ofisini kwetu hata ombi la karatasi za kuandikia lilichukua zaidi ya mwezi. Ningeweza kutafsiri maneno yale jinsi yalivyosemwa na kunyamaza. Badala yake nikayatafsiri, kisha nikaongeza ya kwangu.

"Mimi mwenyewe nitawaletea."

Watu wakapiga makofi. Mjomba akavaa kofia yake, akaketi.

Wiki hiyohiyo alibomoa tanuri. Lilikuwa bado na kuni ndani ambazo hazijaiva. Akautawanya udongo kwa jembe mpaka pakawa sawasawa, na watatu kati ya wenzake wakafanya vilevile.

Kampuni ilitoa vifaa vya kitalu, ili miche iwe tayari barua ikitoka. Kikatengenezwa kando ya mto wa msimu, pale ambapo ukichimba mchanga kwa kina cha kiuno unapata maji. Akina mama saba wa kijiji wakajiunga, akiwemo mke wa mjomba, na mjomba akawa msimamizi. Mti waliouchagua zaidi ni mukau, kwa sababu unastahimili ukame na mbao zake zinapendwa.

Mukau ni mti mkaidi kuota. Tunda lake lina kokwa gumu kama mfupa. Mbuzi hula tunda mchana, na wakilala zizini hutema makokwa, na huko ndiko akina mama walikoyaokota kwa vikapu. Kokwa hulazwa kwenye ubao, kisu kinawekwa juu ya mshono wake, kinagongwa mara moja tu. Ukigonga kwa nguvu mno, unasaga na mbegu. Mbegu ikitoka, inakatwa ncha kidogo kwa wembe, inalowekwa, inachanwa ganda, ndipo inalazwa mchangani chini ya karatasi ya nailoni. Maofisa wa misitu waliokuja kufundisha waliotesha mbegu mbili au tatu kwa kila kumi. Mjomba, baada ya kuharibu kikapu kizima cha kwanza, aliotesha karibu zote. Mikono ile iliyozoea shoka ilishika wembe kama ya fundi wa saa.

Niliwatembelea kila Jumamosi. Nilimkuta amepiga magoti, anahesabu majani ya kila mche. Kikohozi kilikuwa kimepungua. Siku moja akaniita nione kitu, akanipeleka mpaka mwisho wa safu, akanionyesha mche uliochomoza asubuhi hiyo, bado umevaa ganda la mbegu kichwani.

"Mwaitu," alisema, "nimekata miti tangu nikiwa kijana. Hii ni mara yangu ya kwanza kuona mti ukizaliwa."

Yule mwakilishi wa kampuni alikuja pia, akakaa chini pamoja na akina mama, akajaribu kupasua kokwa, akalisaga. Wakacheka wote mpaka machozi. Nikikumbuka siku hizo huwa natamani kusimulia hapo tu niache.

Barua haikutoka wiki ya pili, wala mwezi wa kwanza. Mwanasheria wa ofisi alisema ni lazima kwanza mipaka ya mlima ipimwe. Ikapimwa. Kisha akasema sheria ya kugawana mapato ya kaboni inaandaliwa Nairobi na si busara kuitangulia. Hakuwa mjinga wala mwizi. Aliogopa kutia sahihi jambo la miaka thelathini lije kugeuka kashfa. Wawakilishi wawili wa wadi wakagombana kuhusu nani mlima uko kwake. Faili likatoka meza hii likaenda ile. Nilijifunza kulitambua kwa mbali, kwa kona yake iliyochanika. Mkubwa wangu, kila nilipouliza, alinijibu vilevile.

"Tulia. Wawekezaji wamezoea kungoja."

Mvua za Novemba zikaja na kupita. Miche ikabaki kitaluni. Halafu ukaja uchaguzi, na kwa miezi mingi hakuna aliyetaka kutia sahihi kitu chochote. Wakaja wakubwa wapya. Mkubwa mpya wa idara alinikaribisha chai, akanisikiliza vizuri, kisha akasema mradi huo ni wa waliopita; kama kampuni bado inautaka, iandike ombi upya.

Nilimpigia simu yule mama wa Nairobi.

"Dada, mlima wenu hauna shida," alisema. "Watu wenu ndio wazuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Lakini mabosi wangu wananiuliza, huko tunaongea na nani? Na mimi sina la kuwajibu."

Mwezi uliofuata walipeleka mradi nchi nyingine.

Nilikwenda kumwambia mjomba. Njia nzima nilijipangia maneno. Nilimkuta kitaluni na akina mama wawili tu. Wengine walikuwa wamechoka kufanya kazi ya bure. Miche ilikuwa imepita urefu wangu. Mizizi ilikuwa imetoboa vifuko vya nailoni vya kitalu na kuingia ardhini, na yeye alikuwa akiiinua mmojammoja, akikata mizizi kwa panga ili isishike hapo kabisa.

"Barua?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Bado haijatoka, mjomba."

Akaacha kukata. "Haijatoka, au haitatoka?"

Alikuwa ameniuliza vizuri. Alinipa nafasi. Nikayatazama matope kwenye miguu yake, nikashindwa.

"Haijatoka," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akashika mche mwingine.

Aliendelea mwaka mzima kwa ajili ya neno lile moja. Na mwaka huo mvua ilikosa kabisa. Alichimba mchangani mpaka kisima kikawa kirefu kuliko yeye, akapakia mitungi kwenye punda, akamwagilia. Punda akafa. Mke wake akauza mbuzi, kisha akauza mabati yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya jiko jipya. Mwishowe mjomba aliichukua miche iliyobaki, akapanda nayo mlimani yeye na mke wake bila ruhusa ya mtu yeyote, wakaipanda pale tanuri lilipokuwa. Ng'ombe wa wafugaji wa mbali, waliokimbia ukame wao wenyewe, wakaimaliza kwa siku mbili. Hayo yote sikuyaona. Nilikuwa nimeacha kwenda Jumamosi. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Kisha ikatoka amri ya kusaka wachoma makaa. Ilikuwa amri halali. Milima ilikuwa inaisha. Kila msafara wa askari ulitakiwa kuwa na ofisa wa mazingira wa kujaza fomu, na wiki moja zamu ikaniangukia. Dereva alipokata kona ya kuelekea kwetu nilitaka kusema ninaumwa. Sikusema.

Moshi uliwaongoza askari. Ulikuwa wa samawati. Nyuma ya kitalu kilichokauka, kwenye korongo, tulimkuta ameketi juu ya jiwe, anachungulia tanuri dogo, dogo kuliko alilokuwa nalo zamani. Hakukimbia. Alikuwa amekonda mpaka shati lilionekana la mtu mwingine. Askari wakamwamuru asimame, akasimama. Macho yake yakanifikia.

Nilijua ataniita. Nilingoja aniite mama mbele ya wale wote.

"Habari yako, ofisa," alisema kwa Kiswahili. Hakuwahi kuzungumza nami Kiswahili maishani mwake.

"Nzuri, mzee," nikajibu.

Askari akauliza kama namfahamu. Kabla sijafungua mdomo, mjomba akasema, "Hawa maofisa wa mjini watatufahamu wapi?"

Nikaandika jina lake kwenye fomu. Aliponitamkia, alitamka herufi moja moja, polepole, kama mtu anayemsaidia mgeni.

Mahakama haikumfunga. Hakimu alimwona jinsi alivyo, akampa miezi miwili ya kazi ya jamii, na kazi hiyo ikapangwa kwenye uwanja wa ofisi za serikali. Ofisi zetu. Alimwagilia maua na miti ya kivuli iliyopandwa mbele ya maegesho. Nilimwona dirishani kila asubuhi. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikateremka na kikombe cha chai. Akakipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu kwa mkubwa, akanywa akiwa amenipa mgongo.

"Rudi juu," alisema. "Wataona."

Kikohozi kilirudi kabla hajamaliza ile miezi. Tulimpeleka hospitali Makindu, akalazwa wiki mbili. Madaktari walifanya walichoweza. Mapafu yalikuwa yamechoka. Siku ya mwisho niliyomkuta na nguvu ya kuzungumza ilikuwa Jumapili, mchana. Mke wake alikuwa ametoka kufua. Nilivuta kiti nikamwambia kila kitu: simu ya Nairobi, ombi jipya, kwamba siku ile nilijua. Nilizungumza nikilia, na kwa mara ya kwanza hakuuliza ni nani aliyeniliza.



"Wakubwa sikuwategemea," alisema. "Hata zile wiki mbili sikuziamini. Nilikuamini wewe." Akapumua. "Ungeniambia tu, haitatoka. Ningeuza ile miche kwa watu wa ng'ambo ya mto waliokuwa wanaitaka. Ningewaambia akina mama warudi mashambani mapema. Walinifuata mimi, mwaitu. Mpaka leo nikikutana nao njiani naona haya."

Nikamwomba msamaha. Akanishika kidole kimoja, akakishika hivyo mpaka mke wake aliporudi. Hakusema amenisamehe. Sijui kama kile kidole kilikuwa jibu. Alifariki siku nne baadaye.

Sheria ilitoka. Ilichelewa, lakini ni sheria nzuri: inasema jamii ipate kiasi gani, nani atie sahihi, malalamiko yapelekwe wapi. Kampuni nyingine ikaja, na safari hii ikakuta ofisi moja ya kuongea nayo na barua ikatoka kwa utaratibu. Mlima wetu sasa umefungwa, una walinzi wa kijiji wanaolipwa, na ukipita baada ya mvua unaona kijani mpaka mabegani mwake. Nyuki wamerudi. Wageni huletwa kupiga picha. Watu wa kwetu wanafurahi, na wana haki ya kufurahi. Mimi huufurahia kwa akili, lakini mwili haukubali.

Bado niko idara ileile, na bado ndiye mtafsiri kwenye mabaraza. Mtu akiuliza jambo litachukua muda gani na sijui, nasema sijui. Mkubwa wangu wa sasa hulalamika kwamba nawakatisha watu tamaa mbele ya wawekezaji. Labda kweli.

Mke wa mjomba alialikwa awe msimamizi wa kitalu kipya, kwa kuwa hakuna anayeijua mbegu ya mukau kama yeye. Alikataa. Alihamia kwa binti yake karibu na Wote. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi barazani na beseni la mbaazi mbichi, akanisogezea kiti cha chini, nami nikaanza kupukuchua. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Hakuniuliza chochote kuhusu mlima. Aliuliza kama mama bado anaumwa goti, kama nala vizuri, mbona nimekonda. Beseni lilipoisha akaleta lingine, na tukaendelea, sisi wawili, mpaka maganda yakatufunika miguu.